Jinsi ya Kuonekana Barabarani Usiku: Mwongozo Kamili kwa Mwenda kwa Miguu na Mwendesha Baiskeli

Malalamiko ni yale yale, yawe yametoka Busia, Bugiri, Bombo au Arua, hapa kwetu Uganda: "Nilinunua kizibao cha reflekta, nakivaa kila jioni, na bado magari yananipita karibu kana kwamba sipo."

Ukimwangalia anayelalamika, si mzembe. Amevaa kizibao, lakini kimefunikwa na begi, au na mtoto aliyebebwa mgongoni, au na mkungu wa matoke uliofungwa kwenye keria. Mwingine amevaa kitambaa cha njano kikali kisicho na tepu halisi, na rangi hiyo hufa jua likizama. Mwingine ana taa ya nyuma inayomulika tope la madigadi.

Mwongozo huu unafundisha jambo moja: dereva akuone, na atambue kwamba wewe ni mtu, wakati bado ana nafasi ya kusimama.

Nafasi hiyo ni kiasi gani?

Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hula mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua kama sekunde moja na nusu kabla mguu wake haujakanyaga breki, na hapo mita 33 zimekwisha. Kwenye lami kavu, breki nzuri huhitaji mita nyingine 35 hivi. Jumla inakaribia mita 70. Lami ikilowa, au likiwa ni lori lililojaa shehena linaloelekea Kampala kutoka Malaba, ongeza.

Sasa linganisha. Mbele ya taa dimu za gari, yaani zile zinazoinamia chini, mtu aliyevaa nguo nyeusi huonekana akiwa kwenye mita 30 hivi. Nguo nyeupe humsogeza hadi 50 au 60. Tepu nzuri ya reflekta huonekana kutoka mita 130 na kupita. Kanzu nyeupe inasaidia, basi, lakini peke yake haitoshi kwenye barabara kuu.

Lengo letu ni mita 70 kama kima cha chini kabisa, na mita 140 kama kiwango cha kuridhika. Hatua 100 za mtu mzima ni karibu na ile ya kwanza, na hatua 200 ni karibu na ile ya pili. Zikumbuke namba hizo, tutazipima kwa miguu.

Kumbuka pia kwamba hapa kwetu kwenye ikweta jua huzama takribani kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni mwaka mzima, kisha mwanga unaobaki hauzidi sana dakika 20. Ukifunga kibanda chako sokoni jua likiwa ndilo linazama, njia yote ya nyumbani ni giza.

## Vifaa vya kuandaa

- Tepu ya reflekta ya kubandika, upana wa sentimita 5: nyeupe mita moja, nyekundu mita mbili. Huuzwa kwa mita kwenye maduka ya vipuri vya magari, kama yale ya Kisekka mjini Kampala, na kwa wauza vipuri katika miji mingi.
- Tepu ya reflekta ya kushona, ile ya kitambaa. Ukiikosa, kata kutoka kwenye kizibao kikuukuu cha bodaboda au koti la kazi la mitumba lenye mistari ya fedha.
- Mkanda wa lastiki wa fundi cherehani, upana wa sentimita 4 hadi 5, urefu wa mita moja.
- Tyubu kuukuu ya pikipiki au baiskeli.
- Sindano nene, uzi wa nailoni, mkasi na msasa.
- Kwa baiskeli: taa nyeupe ya mbele, taa nyekundu ya nyuma, na reflekta za pedeli kama zako zimeng'oka.
- Kwa mwenda kwa miguu: tochi ndogo.
- Mtu wa kukusaidia kupima.

Kama fedha haitoshi kwa vyote, anza na tepu ya kushona na lastiki. Nitaeleza sababu katika hatua ya pili.

## 1. Hakiki tepu kabla ya kulipa

Tepu halisi ina chembe ndogo sana za kioo, au vipande vidogo vyenye pembe, vinavyorudisha mwanga kule kule ulikotoka, kama macho ya ng'ombe yanavyowaka gizani ukimmulika. Karatasi ya fedha inayong'aa haifanyi hivyo. Yenyewe hutupa mwanga upande mwingine, na dereva haoni kitu.

Dukani, nenda kwenye kona yenye kivuli. Washa tochi ya simu, ishike kando ya jicho lako, karibu kabisa na shavu, kisha mulika tepu kutoka hatua tano au sita. Usiishike tochi kifuani wala pembeni: mwanga unarudi kwenye tochi, kwa hiyo jicho lisipokuwa karibu nayo hutauona, na utakataa tepu nzuri bure.

Umefaulu ikiwa: tepu inawaka ghafla, kali kuliko kila kitu kinachoizunguka, na inaendelea kuwaka hata ukiigeuza kidogo upande. Ikiwaka pale tu inapokuelekea moja kwa moja, iache.

Tahadhari: njano kali au chungwa kali si reflekta. Rangi hizo hutegemea mwanga wa jua. Zina kazi kubwa mchana, wakati wa mvua, na kwenye kivuli kizito kama cha msitu wa Mabira kwenye barabara ya Jinja. Usiku ni mistari ya fedha tu inayofanya kazi.

## 2. Anza na miguu

Watu wote huanza na kifua. Anza na miguu.

Sababu ya kwanza: taa dimu huinamia chini. Mwanga wake hupiga lami na vifundo vya miguu kabla haujafika kifuani. Sababu ya pili ni nzito zaidi. Doa moja la mwanga lililotulia linaweza kuwa nguzo, kibao cha barabarani, au gari lililoegeshwa. Madoa mawili yanayopishana, moja mbele moja nyuma, au yanayopanda na kushuka kwenye pedeli, ni mtu. Jicho la dereva hutambua mwendo wa binadamu upesi sana, hata kama haoni sehemu nyingine yoyote ya mwili.

Pima kifundo cha mguu juu ya suruali. Kata lastiki fupi kuliko kipimo hicho kwa sentimita 2, ili ibane bila kuumiza. Usishone tepu moja ndefu kuzunguka lastiki yote, kwa sababu tepu haivutiki na mkanda hautapita kwenye kisigino. Kata vipande vya sentimita 5, uvishone kimoja kimoja ukiacha nafasi ya nusu sentimita katikati. Hakikisha vipande vinazunguka pande zote, mbele na nyuma. Kisha unganisha ncha. Tengeneza miwili.

Kwa mwendesha baiskeli kuna faida ya ziada: mkanda wa mguu wa kulia unazuia suruali isiliwe na cheni.

Mama anayevaa gomesi ana tatizo lake, kwa sababu vazi linafika chini na kufunika vifundo. Avae mikanda hiyo kwenye vifundo vya mikono, maana mikono nayo huyumba wakati wa kutembea, na ashone kipande kwenye ncha za mshipi zinazoning'inia. Kwa gomesi la kila siku, mstari mmoja wa tepu karibu na pindo unafaa sana. Kwa lile la harusi, mikanda ya mikono inatosha.

Umefaulu ikiwa: mtu aliye hatua 100 mbele yako, akimulika tochi kutoka kando ya jicho, anasema "unatembea" au "umesimama" bila kukosea.

## 3. Kizibao kivaliwe juu ya vyote

Kanuni ni fupi: reflekta iwe kitu cha nje kabisa. Koti la mvua likivaliwa juu ya kizibao, kizibao kimekwisha kazi, na ni usiku wa mvua ambapo unakihitaji zaidi. Kwa hiyo nunua kizibao kipana kinachoweza kukaa juu ya koti, ukifunge mbele kisipepee.

Begi la mgongoni hufunika mstari wote wa nyuma. Shona tepu kwenye begi lenyewe, vipande viwili vya sentimita 20, chini ya zipu. Kwa mtoto wa shule hili ni la lazima kuliko kizibao, kwa sababu begi halisahauliki nyumbani. Watoto wa P.7 (darasa la saba) wanaotoka alfajiri kwenda masomo ya mapema wanatembea kwenye giza lile lile la madereva waliokesha njiani.

Mama aliyebeba mtoto mgongoni ashone tepu kwenye kitambaa cha kubebea, sehemu inayozunguka mgongo wa mtoto. Mwavuli mweusi nao uwekewe vipande vinne kwenye ukingo, kwa sababu ukiinamishwa dhidi ya mvua unakufunika hadi kiunoni.

## 4. Baiskeli yenyewe

Hapa rangi ina maana, usizichanganye. Nyeupe mbele, nyekundu nyuma. Dereva akiona nyekundu anaelewa kuwa kitu hicho kinakwenda anakokwenda yeye, na kwamba atakifikia. Akiona nyeupe anaelewa kinakuja. Ukiweka nyekundu mbele unamdanganya kuhusu mwelekeo wako kwa sekunde ambazo hana.

Safisha chuma kwanza kwa sabuni, kikauke kabisa, kisha kipake msasa mwepesi pale penye kutu. Tepu iliyobandikwa juu ya vumbi la murram, ule udongo mwekundu wa barabara zisizo na lami, hutoka wiki hiyo hiyo.

Bandika nyekundu kwenye madigadi ya nyuma, urefu wa sentimita 20, na kwenye miguu ya keria kushoto na kulia. Bandika nyeupe kwenye bomba la mbele chini ya usukani na kwenye madigadi ya mbele. Kwa pembeni, zungushia tepu nyeupe kwenye spoki mbili tatu za kila gurudumu, karibu na rimu. Upande ndio unaosahaulika, na njia panda ndipo unapohitajika. Mwisho, rudisha reflekta za pedeli. Nyingi hung'oka mwaka wa kwanza na hakuna anayezirudisha, ingawa hakuna kitu kwenye baiskeli kinachoonyesha mwendo wa mtu kama zenyewe.

## 5. Mzigo

Nakaa hapa kwa muda, kwa sababu ndipo kazi yote iliyotangulia inapopotea.

Baiskeli yenye mikungu mitatu ya matoke, au majerikeni sita ya maji, au gunia la mkaa lililosimama kupita kichwa cha mwendeshaji, haina nyuma tena. Taa imefunikwa. Madigadi yamefunikwa. Kizibao kimefunikwa. Anachokiona dereva ni giza lenye upana wa mita moja, na mkaa haurudishi mwanga hata kidogo.

Suluhisho ni mkanda wa mzigo, unaofungwa nyuma ya chochote unachobeba. Utengeneze hivi:

Kata tyubu kuukuu kwa urefu, uifungue iwe bapa. Chukua kipande cha sentimita 60 chenye upana wa sentimita 8 au zaidi. Kisugue kwa msasa upande mmoja, ukifute kwa kitambaa chenye sabuni, kikauke. Bandika tepu nyekundu katikati, sentimita 40, kisha ishone kwa uzi wa nailoni kuzunguka kingo zote. Usiitegemee gundi peke yake, mpira ukivutika tepu itabanduka. Toboa tundu kila upande, funga vipande vyembamba vya mpira wa kufungia mzigo, vile vile unavyotumia kila siku.

Tengeneza mitatu. Mmoja ufungwe katikati ya mzigo, kwenye kimo cha taa za gari, yaani kati ya goti na kiuno cha mtu mzima. Miwili mingine ifungwe kwenye ncha za mbali zaidi, kushoto na kulia. Ukiweka katikati tu, dereva atakadiria kuwa wewe ni mwembamba na atapita akigusa jerikeni la pembeni. Kugusa huko ndiko kunakoangusha watu.

Kama umebeba mbao, mabomba au mianzi iliyochomoza nyuma, mkanda ufungwe kwenye ncha ya mwisho kabisa, na taa ya nyuma ihamie hapo.

Tahadhari: funga mikanda baada ya mzigo kukamilika, sio kabla. Mzigo hukaa na kusogea baada ya mwendo kidogo, kwa hiyo simama mara moja njiani, kabla ya giza, ukague.

Umefaulu ikiwa: ukisimama nyuma ya baiskeli iliyopakiwa, hatua 100 mbali, unaona alama tatu, na unaweza kuonyesha kwa mikono upana wa mzigo.

## 6. Taa, kwa sababu reflekta ina mipaka

Reflekta haina mwanga wake. Pikipiki isiyo na taa haitaiwasha. Gari linalotoka barabara ya pembeni, taa zake zikiwa zinaelekea kwingine, halitaiwasha mpaka limeshageuka. Kwa hao unahitaji taa yako mwenyewe.

Taa ya mbele iinamishwe ili mwanga wake ufike barabarani kama mita kumi mbele. Ukiiinua inampiga anayekuja machoni, na mtu aliyepofushwa hakuoni. Taa ya nyuma iangalie nyuma sawasawa, isiinamie gurudumu wala isielekee mbinguni. Kama ina namna ya kuwaka-waka na namna ya kuwaka mfululizo, iweke mfululizo kwenye giza nene, kwa sababu dereva hupata shida kukadiria umbali wa taa inayokatika.

Dinamo ni nzuri na haihitaji betri, lakini nyingi huzima ukisimama. Ukisimama kando ya lami kubadilisha mkono au kufunga mzigo, uko gizani. Ongeza taa ndogo ya betri nyuma.

Mwenda kwa miguu amulike chini, mbele ya miguu yake mwenyewe. Hapo anaona shimo, na dereva anaona duara la mwanga linalosogea na miguu ndani yake. Usimmulike dereva usoni kwa nia ya kumwonya.

## 7. Jaribio la hatua 100 na 200

Usiruke hatua hii. Kila kitu hapo juu ni makisio mpaka upimwe.

Chagua uwanja wa shule, uwanja wa mpira, au njia ya murram isiyo na magari. Kamwe usipime kwenye barabara kuu. Mwombe jirani mwenye pikipiki: "Kaka, niwashie taa dimu dakika tano tu." Pikipiki isimame, nawe usimame nyuma ya taa, kichwa karibu na usawa wa dereva. Kama hakuna pikipiki, tochi ya simu kando ya jicho itatoa picha ya kutosha kwa umbali wa hatua 50.

Msaidizi avae vifaa vyako vyote, na mzigo wako kama huwa unabeba. Aende hatua 200. Kisha arudi akitembea, akupe mgongo, akupe ubavu. Baada ya hapo mbadilishane.

Katika hatua 200 unatakiwa uone alama inayowaka, hata kama hujui ni nini. Katika hatua 100 lazima uweze kusema: ni mtu, au ni baiskeli, na inakwenda upande gani. Ubavu ukishindwa, rudi kwenye spoki na mikanda ya miguu. Mgongo ukishindwa, rudi kwenye mzigo na begi.

## 8. Mahali pa kukaa barabarani

Sisi huendesha kushoto. Mwenda kwa miguu, pasipo njia ya watu, atembee kulia ili ayaone magari yanayokuja upande wake. Mwendesha baiskeli abaki kushoto pamoja na magari, kamwe asiende kinyume.

Wakiwa wengi, kama watoto wa shule, wafuatane mstari mmoja. Mkubwa mwenye taa nyekundu awe mwisho wa mstari kwa upande wa magari yanayotoka nyuma, na mwingine mwenye tochi nyeupe awe mbele.

Hatari kubwa kuliko zote ni pale magari mawili yanapopishana usiku. Taa za moja humpofusha dereva wa jingine kwa sekunde kadhaa, na wewe uliye kati ya mianga hiyo unafutika hata ukiwa na reflekta bora. Ukiona taa mbele na kusikia injini nyuma, ondoka kwenye lami kabla hazijakutana. Fanya hivyo mapema, maana kingo za lami sehemu nyingi zimeliwa na zimekuwa ngazi: gurudumu likishuka kwa pembe ndogo, utaanguka kuelekea magari. Punguza mwendo, shuka kwa pembe pana au teremka kabisa, na uangalie ukingo wa kushoto badala ya taa zinazokuja.

Ukishuka kwenye takisi, usivuke mbele yake wala nyuma yake ikiwa imesimama. Ngoja iondoke. Dereva anayeipita hawezi kuona reflekta yako kupitia bati. Na hata kama umefaulu jaribio, usivuke mpaka gari limepunguza mwendo kweli.

Ajali ikitokea, namba za polisi ni 999 au 112. Kabla hujainama kumsaidia aliyeanguka, mweke mtu mwenye taa mbali nyuma yenu, na mwingine upande wa pili.

## 9. Utunzaji

Msimu wa vumbi, futa tepu kila wiki kwa kitambaa laini, sabuni na maji baridi. Vumbi jekundu la murram hupunguza mwanga pole pole bila mwenyewe kugundua. Usitumie petroli, mafuta ya taa wala dawa ya kung'arisha nguo. Usipige pasi juu ya tepu ya kitambaa. Anika kivulini.

Rudia jaribio la hatua 100 kila baada ya miezi mitatu, na kila unapobadilisha aina ya mzigo. Tepu iliyooshwa na bado haionekani kwa hatua 100 imeshachakaa: ing'oe, safisha chini yake kwa msasa, ubandike mpya.